Farasi wa Mbao na Ng'ombe wa Pito

Niliingia Sumbawanga nikiwa nimempanda farasi. Farasi mwenyewe alikuwa wa mbao, wa rangi ya bluu, amelazwa ubavu juu ya lori katikati ya wenzake, nami nilimkalia shingoni kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Tulikuwa tumetoka Dar es Salaam kwa treni mpaka Tunduma. Pale Tunduma tukashusha kila kitu: farasi, vyuma, boti mbili za kubembea, injini ya dizeli na kipaza sauti kimoja, tukapakia upya kwenye lori lililokuwa linakwenda kufuata mahindi. Zile zilikuwa enzi za ruksa, na kila lori lililopanda Ufipa lilifuata mahindi. Letu peke yake lilipanda na mzigo wa kuchezea.

Vumbi lilitupaka sote rangi moja, mimi na farasi. Kwamba tumefika juu sikujua kwa kuona mlima, nilijua kwa baridi. Niliwahi kulala kituoni Morogoro, Tanga na Arusha, lakini ubaridi wa upepo ule ulikuwa na meno yake. Mbele yetu nchi ilikuwa wazi, majani tu na mawingu, na kadiri lori lilivyozidi kwenda ndivyo nilivyozidi kucheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne, sina mke, sina deni, na mahali nisipopajua palikuwa panakuja kwa kasi.

Laela tulisimama kunywa chai. Watu wakalizunguka lori. Mama mmoja muuza maandazi akaniuliza, "Kijana, hizo ni sanamu za kanisani?"

"Hapana mama. Ni farasi wa kuchezea watoto."

"Wanakula nini?"

Utingo akaniwahi kujibu. "Wanakula dizeli, mama. Na wanakula kweli kweli!"

Tukacheka wote. Hatukujua kwamba utingo yule alikuwa anatabiri.

Mwenye farasi alikaa mbele na dereva, amevaa koti zito la kiume la mtumba juu ya kanga mbili. Dar es Salaam nilikuwa nambebea marobota ya nguo sokoni. Alikuwa mama mnene mcheshi, anayejua kupiga kelele bila kugombana, na siku Mzungu mmoja alipofunga uwanja wake wa michezo ya watoto na kuuza vyote, yeye akanunua. Sisi vijana wake tulidhani ataviweka Kariakoo. Akasema hapana, vinakwenda kwao.

"Sumbawanga?" nikamwuliza. "Mama, huko kuna watoto wa kutosha?"

"Kwetu hakuna kinachozidi watoto, mwanangu. Labda upepo."

Kwao kulikuwa Pito, shambani, nje kidogo ya mji. Alikuwa ameondoka akiwa msichana, na baba yake akamwambia neno ambalo hakulisahau: kwamba aliyeonja mji harudi kukaa, hurudi kutembea. Na kweli miaka yote ile alikuwa anarudi kutembea, anakuja na zawadi, anaondoka na maharage. Safari hii alikuwa amerudi kukaa. Alituambia wazi mle njiani: watu wakija kwenye uwanja wake, atazeeka Ufipa. Wasipokuja, atafungasha tena na kurudi Dar es Salaam mbele ya macho ya mzee, na hapo hatakuwa na uso wa kurudi mara nyingine.

Tulifunga vitu vyetu Malangali, mtaa wa Sumbawanga mjini, kwenye kiwanja cha mji kilichopakana na safu ya mikaratusi na barabara. Afisa aliyehusika na viwanja alikuja siku ileile, mikono mifukoni, akawatazama farasi mmoja mmoja kama mtu anayekagua wanafunzi.

"Mama, kiwanja hiki nakupa mpaka mvua zianze," alisema. "Mambo ya siku moja mimi nayajua. Alikuja hapa mtu wa mazingaombwe, mji mzima ukajaa, kesho yake akabaki yeye na sungura wake. Nataka nione watu Jumapili ya kawaida, isiyo na sikukuu wala mwenge. Nikiwaona, chukua kiwanja, ujenge. Nisipowaona, wapo wenye ghala la mahindi wanakililia. Hivi kweli, miji yetu hii inaweza kuubeba uwanja wa namna hii?"

Mama akanigeukia. "Huyu kijana wangu atakwenda kuuliza."

Basi nikaenda kuuliza. Sijawahi kupewa kazi tamu kama ile. Nilidandia malori ya mahindi mpaka Namanyere, nikaenda Mpanda, nikarudi tena Laela kwa mama wa maandazi. Niliingia kwenye vibanda vya video, kwenye hoteli za chai, kwa mafundi cherehani, niliongea na watu waliotoka kanisani na waliotoka kilabuni. Niliwaeleza farasi kwa mikono, kwa miguu, wengine niliwazungukia kabisa. Na kila mtu, kila mtu bila kubakiza, alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Tutakuja." Fundi mmoja wa Namanyere aliongeza, "Na bibi nitamleta." Nilirudi Malangali naruka.

"Mama, mkoa mzima unakuja!"

Mama alikuwa anapaka rangi kwato. Hakuinua kichwa. "Umeuliza watakuja mara ngapi?"

Sikuwa nimeuliza.

Tulifungua mavuno yalipokwisha, watu wakiwa na nafasi na vihenge vimejaa. Siku ile mpaka leo nikiikumbuka miguu inaniwasha. Walikuja kutoka Pito na kutoka vijiji ambavyo sikujua vipo, wamevaa nguo za kanisani, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Walikuja na kuku. Walikuja na unga wa ulezi kwenye vikapu, kwa sababu huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu, na Mama hakujua aweke wapi kuku wote wale. Mwisho tukawafungia ndani ya boti moja ya kubembea, na watoto waliokuwa kwenye boti ya pili walicheka mpaka wakashikwa na kwikwi. Injini ilinguruma, kipaza sauti kikapiga muziki kwa kukwaruza, farasi wakazunguka. Wazee walipanda wameshika kofia. Masista walipanda, shela zao zikipepea. Sista mmoja kijana alishuka, akakimbia kupanga foleni tena. Baadaye nikaambiwa yeye si wa huko.

Jumapili iliyofuata hakuja mtu.

Nasema hakuja mtu, lakini sista yule alikuja. Tukamzungusha peke yake, farasi wakala dizeli ileile, akashukuru, akaenda zake. Ile nyingine pia ikawa hivyohivyo. Nikavuka barabara kwenda kwa fundi baiskeli aliyekuwa na banda lake mkabala nasi, mzee mpole ambaye siku ya kwanza alipanda na wajukuu wake wote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo hamji kwenye farasi?"

"Tulishakuja." Alinishangaa kidogo. "Hukutuona?"

"Niliwaona, mzee. Mje tena."

"Tena kuna nini? Kwani leo wanazunguka upande mwingine?"

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anauliza ili ajue. Na kadiri nilivyopita nyumba kwa nyumba ndivyo nilivyolielewa jambo lenyewe, nikacheka na kutaka kulia kwa wakati mmoja. Kule mtu akijenga nyumba mpya, au ndugu akirudi kutoka mbali, watu huja, humsalimu, huona, hutoa walichobeba, hushukuru. Kwisha. Kurudi juma linalofuata bila neno jipya ni kama kuvizia chakula cha watu. Ndiyo maana kila mtu aliniambia "Tutakuja", na kila aliyeweza alikuja kweli. Walikuwa wametimiza ahadi yao kwa ukamilifu. Sisi ndio tuliokuwa tunangoja wakose adabu.

Mama alinituma Pito kwa baba yake, nimpelekee sukari. Nilimkuta mzee mrefu aliyenyooka, kofia ya pama kichwani, anawafuta ng'ombe wake wawili wa kulimia kwa gunzi la hindi. Mmoja mweusi, mwingine ana baka jeupe usoni. Nikaamkia, akaitika, akapokea sukari kwa mikono miwili.

"Binti yangu hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Bado anazunguka?"

"Wanaozunguka ni farasi, mzee."

"Na yeye je?" Akaendelea kumfuta mweusi. "Mwambie siku ya kufungasha apitie hapa. Nimpe maharage ya njiani."

Nilimfikishia maneno hayo Mama kama yalivyo, maana aliniapisha nisipunguze. Alicheka, akapiga paja, akasema mzee hajabadilika. Halafu akachukua kitambaa akaanza kuwapangusa farasi vumbi, mmoja baada ya mwingine, ingawa asubuhi tulikuwa tumewapangusa.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, injini ikafa. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Fundi wa magari akaifungua, akaitazama kwa huzuni, akasema kifaa chake labda Dar es Salaam. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa bonde. Afisa alipita siku hiyo, akatazama mawingu, akatutazama sisi, akaenda zake.

Siku mbili tatu baadaye akatokea mfugaji mmoja Msukuma, mmoja wa wale waliohamia bondeni upande wa Milepa na familia zao na mifugo yao. Alikuwa amepandisha ng'ombe wa kuuza mnadani, na jozi moja ya kulimia ambayo haikuwa ya kuuza, alitembea nayo tu kama wengine wanavyotembea na mbwa. Alisimama mbele ya farasi, kidevu juu ya fimbo.

"Hawa wanaumwa?"

"Injini imekufa, Ngosha," nikamwambia, maana kila Msukuma tulimwita hivyo.

"Farasi anahitaji injini ya nini?"

"Ya kumzungusha."

Akafikiri. "Mimi nina ng'ombe."

Mama alikuwa amekaa kwenye debe, akaangua kicheko cha kwanza tangu injini ife. "Ng'ombe wavute farasi? Baba yangu akisikia atacheka mpaka adondoke!"

"Si vizuri? Akitaka kucheka itabidi aje kuona."

Jumamosi yote tulifunga na kufungua minyororo. Mwisho tuliufunga mmoja kwenye pete ya chuma pembezoni mwa jukwaa la farasi, ule mwisho mwingine kwenye nira, na ng'ombe wakawa wanatembea nje ya duara, jukwaa linawafuata. Lilizunguka polepole, kwa heshima, likilia kidogo. Bila ile kelele ya injini ulisikia mikaratusi.

Jumapili walikuja watoto wachache wa Malangali, waliovutiwa na ng'ombe zaidi ya farasi. Tukawapandisha bure. Msukuma akashika mbele, akapiga mluzi, safari ikaanza.

Sasa, mtoto wa Ufipa hata awe wa mjini ameshatembea mbele ya jembe la ng'ombe. Anajua kwamba ng'ombe wakifika mwisho wa shamba unawaambia wageuke, nao wanageuka, wanashika mfereji wa kurudia. Ni kitu kilicho mwilini kama kupiga chafya. Sisi tulikuwa tunazunguka duara, na duara halina mwisho. Lakini upande mmoja ng'ombe walipita karibu sana na safu ya mikaratusi, na kwa macho ya mkulima pale palikuwa mwisho wa shamba. Msichana mmoja mdogo juu ya farasi wa bluu aliona miti inakuja, mazoea yakamshika, akapaza sauti:

"Geuka!"

Wenzake wakaitikia bila kufikiri, wote juu ya farasi, "Geukaaa!"

Na ng'ombe, ambao maisha yao yote hawakuwahi kumbishia mtoto, wakasimama, wakageuka. Mnyororo ukalegea, ukakaza, jukwaa likashtuka kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, na farasi wetu wakaanza kurudi kinyumenyume, mikia mbele. Msukuma akabaki upande wa pili ameshika hewa. Watoto walipiga yowe la furaha ambalo sijalisikia tena mahali popote, na nimekwenda mahali pengi.

Ng'ambo ya barabara, fundi baiskeli alisimama, spana mkononi.

"Wanazunguka upande mwingine!" akapiga kelele. "Jamani! Wanazunguka upande mwingine!"

Alivuka barabara mbio, na alikuwa mtu wa kutembea kwa fimbo. Nyuma yake wakaja waliokuwa wanangoja baiskeli zao, na waliotoka misa ya pili, na kabla ng'ombe hawajageuzwa tena kulikuwa na watu wamesimama juu ya ukuta wa jirani. Jioni ile vilabu vyote vya pombe ya ulezi vilikuwa na habari moja.

Jumapili iliyofuata walijaa, maana sasa kulikuwa na neno jipya la kuja kuona. Lakini kilichotuokoa ni ubishi. Wakulima walisimama pembeni wamekunja mikono, wakawatazama ng'ombe wa Msukuma wakigeukageuka hovyo kwa kelele za watoto.

"Hawa wamefunzwa vibaya," alisema mmoja.

"Wa bondeni hawa. Bondeni hata ng'ombe anasinzia."

"Wa kwangu wangekwenda bila kugeuka hata mara moja."

"Walete basi!" Msukuma akawajibu. "Maneno hayavuti mnyororo, baba!"

Wakawaleta. Jumapili baada ya Jumapili wakawaleta, kila mmoja na jozi yake, na mke na watoto na jirani wa kumshangilia. Mwenye ng'ombe alishika mbele, familia yake ikapanda farasi, na kazi ya watu wengine wote ilikuwa kupiga kelele "Geuka!" ili wamponze. Wapo walioshinda, wapo walioaibika vibaya sana, na aliyeaibika alirudi juma lililofuata bila kuitwa. Hakuna aliyeona haya tena kurudi. Sasa walikuwa na sababu.

Tatizo likabaki moja: Jumapili. Wengine walianza kunong'ona kwamba si vizuri kumfanyisha ng'ombe kazi siku ya Bwana, na Jumapili moja asubuhi wakulima kadhaa walisimama na ng'ombe wao nje ya kiwanja, hawaingii hawaondoki. Mama alinishika mkono, akaukaza. Afisa alikuwepo siku hiyo, mikono mifukoni kama kawaida yake. Tone la kwanza la mvua lilikuwa linaweza kuanguka siku yoyote.

Hapo ndipo nilipomwona yule mweusi na yule wa baka jeupe wanatokea barabarani, na kofia ya pama mbele yao. Watu wakampisha. Mzee akasimama, akasikiliza wanachobishania, akauliza, "Hapo ndani kuna kinacholimwa?"

"Hakuna, baba."

"Kuna kinachobebwa?"

"Watoto tu."

"Basi hiyo si kazi," alisema mzee, akaingiza ng'ombe.

Aliwafunga mwenyewe, mkono wetu hakuutaka. Watu wote wa Malangali, na nusu ya Pito, wakapiga kelele waliyonayo. "Geuka! Geuka! Geuka!" Ng'ombe wale hawakutikisa hata sikio. Walizunguka kama wanakwenda Mpanda. Mama alimkimbilia, akatembea naye sambamba, anahema, anacheka, machozi yanamtoka.

"Baba, panda basi hata kidogo! Wewe panda, mimi nishike."

"Nani kakwambia unajua kushika ng'ombe? Mtu wa mjini wewe."

Sauti moja ikatoka nyuma yetu, kubwa kuliko zote: "Geukaaa!" Tulipotazama, alikuwa afisa. Mikono ilikuwa imetoka mifukoni. Alikohoa, akairudisha, akamsogelea Mama.

"Mama, huu ni uwanja wa bembea au maonyesho ya kilimo?"

"Bwana afisa, wewe ulitaka watu. Hukusema waje na nani."

Alipewa kiwanja. Na mimi niliyetumwa kuuliza nilipata jibu langu kwa kuchelewa: Mpanda hawakuja, Namanyere alikuja yule fundi na bibi yake, mara moja, wakaleta dagaa. Miji haikuubeba uwanja ule. Ulibebwa na mashamba yanayoizunguka miji, na ng'ombe ambao mpaka wakati ule hawakuwa na pa kuonyeshwa.

Mvua zikaja, zikapita. Tukamwaga zege chini ya jukwaa. Kifaa cha injini kikafika kutoka Dar es Salaam, tukakiweka stoo, hakuna aliyekiulizia. Mama akajenga vyumba viwili vya tofali za kuchoma, kimoja chake, kimoja akasema changu, na kazi ya usimamizi ni yangu. Nililala humo siku chache. Kila asubuhi nilikuwa naenda kukanyaga lile zege, nalo lilikuwa gumu, gumu kabisa, na miguu yangu ikaanza kusikiliza malori.

Mama aliniona. "Unaondoka," alisema siku moja tukila ugali wa ulezi. Hakuuliza.

"Nitakuja," nikasema.

"Mara ngapi?" Tukacheka mpaka tukaacha kula.

Niliondoka siku ya kazi, katikati ya juma, juu ya magunia ya mahindi ya lori la Tunduma. Tulikuwa tumeshaagana alfajiri. Lori likapita Malangali, nikasimama juu ya magunia ili nikione kiwanja kwa mara ya mwisho, nikitarajia kukikuta kitupu.

Hakikuwa kitupu. Ng'ombe mweusi na yule wa baka jeupe walikuwa wanazunguka taratibu, na aliyewashika mbele alikuwa Mama, koti lake la kiume limefungwa kiunoni. Hapakuwa na mtu mwingine pale ila mmoja. Juu ya farasi wa bluu, magoti yamepanda karibu na kidevu, alikaa mzee mrefu, mkono mmoja umeshika shingo ya farasi, mwingine kofia ya pama.

Niliweka viganja mdomoni, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Geukaaa!"

Ng'ombe hawakugeuka. Mzee ndiye aliyegeuka, akageuza uso upande wa mikaratusi haraka, kama mtu ambaye hajaniona wala hajaonekana. Mama akainua mkono. Lori likaingia vumbini, na mimi nikakaa chini juu ya mahindi nikicheka peke yangu kama mwehu, mpaka Laela.